Jina la bibi halikuwamo kwenye nasaba

Tangu habari zisambae mtaani kwamba nimeupata ukoo wa bibi yangu Unguja, wanawake kadhaa wamenifuata kuniuliza nilianzia wapi. Kuna aliyetoka Pangani, kuna aliyenipigia simu kutoka Mombasa, na kila mmoja ana bibi aliyekuja kwa jahazi mwaka 1964 akaishi na kufa bila kusema alikuwa mtoto wa nani. Nawaandikia wao. Namwandikia zaidi yule ambaye bibi yake bado yu hai, maana ana nafasi ambayo mimi sikuipata.

Bibi yangu mzaa mama alinilea Ngamiani, Tanga. Alikuwa akishona kofia za mkono, mwezi wa Ramadhani akipika mikate ya kumimina ya kuuza, na Kiswahili chake kilibaki cha Unguja mjini mpaka siku anafumba macho. Ukimwuliza ametoka Unguja ipi, alikujibu "mjini", kisha akakutuma dukani. Mama yangu alifariki nikiwa mdogo, naye hakuwahi kujua zaidi ya hilo. Alichojua ni kwamba alivushwa bahari akiwa bado ananyonya, wakashuka Kipumbwi usiku, na kwamba baba yake mzazi alitoka nyumbani siku ya mapinduzi, tarehe 12 Januari 1964, asirudi. Mzee wa Kipumbwi aliyewapokea ndiye ambaye bibi alimwandika kama baba yake mwenyewe kwenye kila karatasi ya Bara. Baadaye akaolewa na fundi cherehani wa Tanga, ambaye ndiye babu niliyemjua na kumpenda.

Mwisho mwisho, homa ikimpanda, bibi akawa anasema azikwe Makusurani. Sisi tulidhani ni kijiji. Tulimzika Tanga kwa heshima zote. Miezi kadhaa baadaye nikamsimulia mwenzangu wa kazini, Mpemba aliyesoma Unguja, naye akaniangalia kwa mshangao. Makusurani ni makaburi yaliyo ubavuni mwa Beit al-Sahel, jumba la masultani pale Mizingani. Amezikwa humo Sayyid Said bin Sultan aliyefariki 1856, pamoja na wanawe kina Khalid na Barghash. Mtu wa kawaida haombi kuzikwa pale.

Nilikwenda Unguja nikiwa na picha moja ya bibi, cheti chake cha kifo, na jina lake la kwanza. Hilo la kwanza halikuwa la kubuni, nilikuja kujua baadaye. Kila niliyemwuliza alinielekeza kwa wazee wa nasaba, na kweli wapo, wana elimu yao na wanaiheshimu. Mmoja alinikaribisha vizuri, akanipa kahawa na halua, akakunjua karatasi ndefu iliyoandikwa kwa Kiarabu. Imeanzia kwa Imamu Ahmad bin Said, mwanzilishi wa ufalme wa Al Busaid kule Oman katika karne ya 18, ikashuka kwa Said bin Sultan, ikatawanyika matawi. Kila mwanamume na wanawe chini yake, na hao wanawe na watoto wao. Mzee alipitisha kidole polepole, tawi kwa tawi. Wanawake walikuwamo wachache tu, wale waliojulikana sana. Mwisho akakunja karatasi akaniambia, "Mwanangu, kama hayumo humu, mimi sina pa kumtafuta."

Nilitoka pale nikilia barabarani. Nilihisi kama bibi amekufa mara ya pili.

Lakini yule mzee hakunidanganya. Karatasi yake iliandikwa kwa kazi yake, ambayo ni kuonyesha nani mtoto wa kiume wa nani. Binti akiolewa, watoto wake wanahesabiwa kwa baba yao, basi jina lake linaachwa njiani. Ukitafuta binti aliyepotea ndani ya nasaba ya wanaume, unatafuta mahali ambapo hakuwekwa. Laiti ningeambiwa hivyo mapema, ningeokoa nauli na machozi.

Kipindi hicho hicho ndipo alipojitokeza jamaa aliyesikia shida yangu. Alivaa vizuri, anasema kwa upole, anadai ana watu wake Maskati watakaonitafutia ndugu na uraia kwa pamoja. Nilimpa fedha za mchezo wangu wa mwezi, zote. Simu yake ikazimwa. Sitamtaja, ila nawaambia ishara zake: alianza kutaja uraia kabla hajauliza jina la babu wa bibi yangu, hakutaka kuona karatasi yoyote, na kila hatua ilikuwa na "ada". Mtu anayejua ukoo kweli huanza kwa maswali, na maswali yake huwa mengi mpaka yanachosha.

Nikiwa nimevunjika moyo hivyo, nilikuwa nikisoma habari za Sayyida Salme, binti mfalme ambaye kila mgeni wa Unguja husimuliwa. Alizaliwa Mtoni mwaka 1844, mama yake suria wa Kicherkesi aliyeitwa Jilfidan. Mwaka 1866 aliondoka na meli ya Kiingereza kwenda Aden, akiwa na mimba ya mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete. Huko akabatizwa, akaolewa, akahamia Hamburg. Mwaka 1870 mumewe aligongwa na tramu akafa, akabaki mjane na watoto watatu wadogo kwenye nchi ya baridi. Mwaka 1885 akarudi Unguja. Alirudi na manowari za Kijerumani nyuma yake, akidai mirathi. Kaka yake Barghash alikataa hata kumwona uso. Mwaka 1888 Barghash alikuwa ameshafariki, Salme akaja tena, na kaka mwingine, Khalifa, naye akamfungia mlango. Alifariki Jena, Ujerumani, mwaka 1924.

Haki yake ya mirathi sitaibishia. Alikuwa amebadili dini, na hilo peke yake lilikuwa zito kwa Barghash, tena Wajerumani walikuwa wakimtumia kwa mambo yao ya pwani. Hata hivyo nilijiuliza: angekuja peke yake kwenye jahazi, na watoto wake mkononi, bila dai lolote, kungekuwaje? Hakuna ajuaye. Ila mimi niliamua pale pale kwamba neno mali halitatoka mdomoni mwangu, na nikiulizwa nitaeleza wazi. Kwetu hata lisingekuwa na maana. Machi 1964 serikali ya mapinduzi ilitangaza ardhi yote kuwa mali ya umma, na mashamba ya karafuu yakagawiwa watu eka tatu tatu. Kama kuna msomaji anayetafuta ukoo kwa hesabu ya shamba la mikarafuu, namsihi aiweke hesabu hiyo pembeni, maana itamfungia milango ambayo ingefunguka kwa salamu tu.

Njia ilifunguka kwa jambo ambalo kila mtoto wa madrasa analijua. Binti anarithi. Nasaba inaweza kumwacha, mirathi haiwezi, kwa sababu ana fungu lake lililotajwa ndani ya Qurani na kadhi hawezi kugawa bila kumtaja. Mwalimu mmoja wa madrasa, niliyekuwa nimempelekea barua za Kiarabu anisomee, ndiye aliyeniambia: "Acha kutafuta nani alimzaa. Tafuta nani alikufa akamwachia."

Nyaraka za Taifa za Zanzibar ziko Kilimani. Humo mna faili za zamani za mahakama na mirathi, hati za kuuza na kuweka rehani nyumba na mashamba, na karatasi za wakfu. Nilijaza fomu, nikaeleza ninachotafuta, na wahudumu walinisaidia kwa subira. Mkienda, haya ndiyo yatakayowasaidia. Msitafute kwa jina la bibi, tafuteni kwa jina la mwanamume aliyekufa. Majina yaliandikwa na makarani kwa herufi za Kiingereza kwa namna walivyosikia, kwa hiyo Seif ni Sef ni Saif, na Said anaweza kuwa Saeed, pitieni yote. Tarehe nyingi ni za Hijria, na mwaka wa Hijria ni mfupi kuliko wa kawaida kwa siku kama 11, hivyo mtu aliyesema "baba alikufa nikiwa na miaka 12" huenda alihesabu miaka ya mwezi. Na mtafuteni msomaji wa Kiarabu mapema, mkubaliane malipo kwa kila ukurasa aliousoma, mbele yenu, kwa sauti.

Nilikuwa nakumbuka jambo moja tu: bibi alikuwa akimsomea baba yake kila mwezi wa Rajabu, na alikuwa akisema baba huyo alifariki yeye akiwa hajavunja ungo. Nikakisia miaka ya mwanzo ya 1950. Tukapitia faili moja baada ya nyingine mpaka mwalimu akanyamaza, akavuta karatasi karibu na dirisha.

Ilikuwa ya mwaka 1373 wa Hijria, yaani kati ya Septemba 1953 na Agosti 1954. Marehemu ameacha mke mmoja, mtoto wa kiume mmoja na mabinti watatu. Mali imegawiwa mafungu 40. Mke mafungu 5, ambayo ni thumuni yake, yaani moja ya nane. Mtoto wa kiume 14. Kila binti 7. Jina la bibi yangu lilikuwa la pili kati ya hao mabinti, limeandikwa kwa wino ulioiva hudhurungi, na mbele yake neno la kuonyesha kwamba bado ni mdogo na ana wasii, yaani msimamizi wa mali yake. Jina la baba yake likafuata, la babu yake, la baba wa babu, mpaka kwa mmoja wa wana wa Said bin Sultan. Hawakuwa tawi la watawala. Walikuwa tawi dogo la ukoo, watu wa heshima na madeni mengi, kama faili lenyewe lilivyoonyesha. Lakini bibi yangu aliyekuwa akiuza mikate ya kumimina Barabara ya 9 alikuwa Sayyida, na kuomba Makusurani hakukuwa weweseko la homa.

Ndani ya faili hilo hilo mlitajwa nyumba ya wakfu mjini, isiyogawiwa kwa warithi. Babu yake bibi aliiweka wakfu kwa ajili ya watumwa aliowaacha huru na vizazi vyao, wakae humo. Watu wengi wangeruka ukurasa ule. Nawaomba msiuruke. Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana bado ipo Zanzibar, na nyumba za namna hiyo zinaweza kuulizwa.

Nilipiga hodi kwenye nyumba ile asubuhi. Alinipokea mama mtu mzima sana, aliyekuwa somo, yaani mfundaji wa maharusi, kwa miaka mingi, mikono yake bado ina hina. Nilimwamkia, nikakaa mkekani, nikampa ile picha. Aliishika muda mrefu. Halafu akasema, "Huyu wa pili. Wa kwanza alifia Pemba kwa uzazi. Wa mwisho yuko Maskati, alikuwa Dubai kwanza. Mimi ndiye niliyemsinga wa mwisho alipoolewa." Akaniuliza, "Na huyu aliishia wapi? Sisi tuliambiwa chombo kilizama."

Alijua yote. Nani aliolewa wapi, nani alinyonyeshwa na nani, nani alivaa nini siku gani. Siku nyingine niliporudi, tukiwa tunachambua mchele, aliniambia bila kupandisha sauti kwamba bibi yake mzaa baba alinunuliwa na babu wa bibi yangu. Sheria ilifuta utumwa Unguja mwaka 1897, lakini masuria waliachwa nje ya sheria hiyo mpaka 1909, na bibi wa bibi yangu mwenyewe alikuwa mmoja wao, Mhabeshi aliyeletwa akiwa msichana. Mwanawe akazaliwa huru, akarithi kama wengine, akaitwa Sayyid. Sikujua niseme nini. Nilimwomba radhi, ingawa sijui kama nina haki ya kumwombea radhi mtu aliyekufa zamani hivyo. Akasema, "Radhi tumekupa. Lakini usije ukahadithia watu huko kwenu ufalme mtupu." Ahadi hiyo naitimiza hapa. Mashamba yaliyolisha ukoo wangu yalilimwa na ukoo wake, na kumbukumbu ya mabinti wetu waliihifadhi wao, sisi tukiwa tumeipoteza. Anayetafuta ubinti mfalme ajiandae kukutana na hayo, asiyakimbie.

Yeye ndiye aliyeshika simu yangu akarekodi ujumbe wa sauti kwenda kwa mtu wa Maskati, ambaye aliupeleka kwa mwingine. Usiku huo nikapigiwa. Sauti ya mwanamke mzee, Kiswahili kile kile cha bibi yangu, mpaka nikakaa chini.

"Nani wewe mwanangu?"

Nikajitaja. Kimya kidogo. Akauliza, "Alikuwa anakula doriani?"

Bibi yangu alikuwa akiagiza doriani kila msimu kwa watu wanaokwenda Unguja. Likifika, alijifungia chumbani akatandika mkeka akalila peke yake, na sisi tukilalamika harufu. Nilipomweleza hivyo, yule mama akacheka, kicheko kikageuka kilio. Mama yao alikuwa amepiga marufuku tunda hilo lisiingie ndani, basi wao wawili walikuwa wakilila nyuma ya kisima, na mkubwa ndiye aliyekuwa akivunja maganda kwa jiwe.

Walikuwa wamemsomea hitima tangu 1964. Aliniambia aliandika barua Unguja mara nyingi bila majibu. Yeye mapinduzi yalimkuta Pemba kwa shangazi yao, akapita Mombasa mpaka Dubai, kwa sababu wakati ule Oman ilikuwa haiwafungulii mlango watu wa Zanzibar. Ni baada ya Sultan Qaboos kushika nchi Julai 1970 na kuwaita warudi ndipo familia ikahamia Maskati. Kwa hiyo anayetafuta ndugu asiulize Oman tu. Waulizeni waliopita Dubai, Kuwait, Misri, Uingereza. Na waulizeni sasa. Aliyekuwa sultani wa mwisho wa Zanzibar, Jamshid bin Abdullah, alirudi kuishi Maskati Septemba 2020 baada ya miaka mingi Uingereza, akafariki Desemba 2024. Wa rika lake na wadogo zake kidogo wanaondoka mmoja mmoja.

Nilikopa ili niende Maskati, na deni bado nalipa. Nauli, viza, nakala rasmi za nyaraka, tafsiri, zawadi, nguo za kuvaa mbele za watu, vyote vinakula. Wenyeji walitaka kunilipia, nikakataa safari ya kwanza, na nashauri hivyo, ili kila mtu aone umefuata watu. Nilimkuta bibi mdogo amekaa kitandani, mfupi kama dada yake, kidevu kile kile. Alinishika mikono akaigeuza viganja juu, akaniambia nina mikono ya mama yao. Jioni wakaja wajukuu wa kila umri, wengine Kiswahili wanakisikia tu hawakisemi, nikaonyeshwa picha, nikafutwa machozi na watu nisiojua majina yao.

Si wote walionipokea. Binamu mmoja aliniuliza mbele ya watu nimekuja kudai nini. Nilimjibu kwamba nimekuja kuwaambia kaburi la bibi liko wapi, ili wakimsomea wajue. Akanyamaza. Bado hatujazoeana, nami simlaumu, familia iliyopoteza kila kitu kwa siku moja ina haki ya kuogopa mgeni.

Wengi huniuliza kuhusu kipimo cha vinasaba. Fahamuni kwanza kinapima nini. Kuna kinachopita kwa wanaume tu, baba kwa mwana, na mwanamke hana. Kuna kinachopita kwa mama, na hicho kingenipeleka kwa mama wa bibi na mama yake, si kwa Said bin Sultan. Kwetu kingeweza tu kunilinganisha na bibi mdogo, kwa kuwa mama yao ni mmoja. Tanzania vipimo hivyo vinasimamiwa na Mkemia Mkuu wa Serikali, na huombwa kupitia wanaotambuliwa na sheria, kama mahakama au ofisa ustawi wa jamii. Bibi mdogo alikataa. Alisema doriani limetosha, nami nikaheshimu.

Lililoniumiza zaidi lilikuwa hapa hapa Tanga. Watu wa upande wa babu, yule fundi cherehani, walisikia habari zikawachoma. Mjomba alisema, "Sasa mmekuwa watu wa majumba, sisi tuliowalea tumekuwa nani?" Alikuwa na haki ya kuuliza. Mtu akikulea bila kukuuliza nasaba, halafu wewe ukaitafuta kwa bidii ile, lazima ahisi kama alichokupa hakikutosha. Waambieni waliowalea kabla hamjaanza. Wapeni kila habari kwanza, kabla ya jirani. Mjomba nilimpeleka Unguja safari iliyofuata, akakaa na yule mama somo wakazungumza kuhusu ushonaji wa kofia mpaka magharibi, na tangu hapo ananiulizia bibi mdogo kila Ijumaa.

Makaratasi hayajaisha. Cheti cha kifo cha bibi kina jina la mzee wa Kipumbwi kama baba, na faili la 1373 lina jina la baba wa kweli. Wakili ametuandalia hati ya kiapo ya kuonyesha kwamba bibi wa kwenye cheti na binti wa kwenye faili ni mtu mmoja. Jina la mzee wa Kipumbwi sitalifuta, na bibi mdogo mwenyewe ndiye aliyesisitiza libaki. Binti yake anakuja Tanga baada ya Idi tufanye hitima kaburini. Mama somo naye nimemkatia tiketi ya boti, mjomba atampokea Dar es Salaam.